Ubao Usiosomeka

Nilipokuwa darasa la tano hapa Sokon I, nilihesabiwa mzembe. Niliketi dawati la nyuma, nikinakili daftari la jirani, kwa kuwa maandishi ya ubaoni yalikuwa ukungu mtupu. Nilichapwa kwa kosa la macho yangu. Hakuna aliyeniuliza kama naona.

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu habari za lenzi zinazovaliwa usiku. Huikandamiza konea taratibu mtu akiwa usingizini, naye huamka akiona mbali bila miwani. Marekani iliziidhinisha kwa matumizi hayo mwaka 2002.

"Mjomba, mbona sisi hatuna?"

Nilimweleza kwamba si tiba ya kudumu: ukiacha kuzivaa, konea hurejea umbo lake na ukungu hurudi. Tena zadai usafi usio na mzaha. Kuzisuuza kwa maji ya bomba kwaweza kuleta maambukizi yanayopofusha.

Hata hivyo, swali lake halikuniacha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana upungufu wa kuona ambao ungezuilika au haujashughulikiwa. Miongoni mwao wamo wanaokosa miwani tu.

Basi kabla ya kudai lenzi za usiku, tudai jambo dogo: kila mtoto apimwe macho anapoandikishwa shule. Yahitajika chati ya herufi, mita 6 za nafasi na mwalimu mwenye subira. Fimbo haijawahi kumfanya mtoto aone ubao.