Pangaboi la Karatasi

Mwaka 1984, Chato ikiwa bado katika Wilaya ya Biharamulo, nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la sita. Siku moja mtoto mmoja alikuja na pangaboi la karatasi, amelichomeka kwa mwiba kwenye bua la mtama. Alipokimbia, likazunguka. Akaniuliza, "Mwalimu, likiwa kubwa sana haliwezi kuninyanyua?" Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiamini kwamba mwalimu hakosi jibu. Nikamwambia kitu kinachozungushwa na upepo hakiwezi kubeba mtu. Darasa likacheka, nami nikaliacha licheke.

Mtoto yule sasa ana mvi. Mwaka jana alikuja nyumbani, akaniamkia, akatandaza mchoro mezani. Ilikuwa ndege isiyo na rubani, aina iitwayo otojairo. Mapanga yake ya juu hayaendeshwi na injini. Injini ndogo ya nyuma hukisukuma chombo mbele, na hewa inayopanda kupitia mapanga hayo huyazungusha mpaka yakakibeba. Injini ikizimika, chombo hakianguki kama jiwe, bali hushuka mapanga yakiendelea kuzunguka. Mhispania Juan de la Cierva alikwisha kurusha chombo cha namna hiyo mwezi Januari 1923. Kumbe siku ile darasani, jibu lilikuwa na umri wa miaka 61.

Anataka chombo chake kikague mwambao wa Ziwa Victoria, kitafute mitumbwi iliyopinduka na makokoro haramu. Hakiwezi kusimama hewani kama helikopta, lakini huenda polepole kiasi cha kamera kuona vizuri. Sikuiona kuwa ndoto. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika 40.

Lakini mwaka huohuo, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Ufukweni macho yalikuwepo. Waliookolewa, wengi waliokolewa na waliokuwa karibu na wenye mitumbwi. Safari hii sikutoa hukumu, niliuliza tu, "Kamera ikimwona mvuvi anazama, nani atakwenda?"

Alikaa kimya, kisha akachora boti pembeni mwa karatasi.

Alipoaga nilimwomba radhi kwa kicheko cha siku ile. Akasema hakikumbuki. Sikumwamini, ila nilishukuru.