Bakuli la China katika Kibla cha Gedi



Tuliposikia kwamba wana wetu wa Gredi ya Saba wangesafiri kutoka Baba Dogo hadi Gedi kujifunza turathi za Wachina na bustani zao, baadhi yetu akina mama tuliulizana: yatuhusu nini? Mtaani kwetu China ni ndara, sahani za plastiki na mashine zinazounguruma ndani ya magodauni. Wengi wetu ni watu wa Pwani tuliofuata riziki Nairobi. Nauli ya treni hadi Miritini, kisha basi hadi Gedi, si jambo dogo. Wapo waliotaka fedha hizo zinunue misahafu ya madrasa, na hoja yao ilikuwa na uzito.

Kabla ya safari, mwalimu aliwaonyesha watoto picha za Msikiti Mkuu wa Xi'an, uliojengwa upya mwaka 1392. Hauna kuba. Una nyua zinazofuatana, miti, vijia vya mawe na mnara wenye paa zilizopinda ncha. Mwisho kabisa, upande wa magharibi, ndipo penye ukumbi wa sala, kwani kutoka China Makka iko magharibi. Mwenye kwenda kusali hupita bustanini kwanza. Binti mmoja akauliza: watu hutia udhu wapi?

Aliwafunza pia habari za Zheng He, jemadari wa safari saba za baharini kati ya 1405 na 1433, mzaliwa wa Yunnan, ambaye baba yake na babu yake waliitwa mahaji. Twiga kutoka Malindi alifika katika kasri la mfalme wa China mwaka 1415. Watoto, kama watoto, walimpenda twiga kuliko jemadari.

Gedi, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, ina nyumba iliyopewa jina la sarafu ya Kichina iliyopatikana humo, na nyingine jina la bakuli la kauri. Lakini tuliokwenda kuwasindikiza tulisimama muda mrefu zaidi mbele ya mihrabu ya Msikiti Mkuu. Mafundi wa kale walizamisha mabakuli ya kauri katika mawe yake. Fikirini: chombo kilichovuka bahari kwa miezi, ambacho sisi tungekifungia kabatini kusubiri wageni, wazee wetu walikipeleka kwenye kibla. Nje kidogo kipo kisima cha udhu, na binti yetu alikiona kabla ya sisi sote.

Bustani za Gedi hazipo tena. Mji ulihamwa, msitu ukaingia majumbani, mibuyu ikaota palipokuwa na watu.

Sasa watoto wanaomba kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, baina ya ukuta na tangi la maji, wapande mlimau, mrehani na asumini, ingawa asumini na baridi ya Julai ya Nairobi hawapatani. Wapo wanaotaka pahali hapo pawe pa kuegeshea magari. Kikao cha wazazi ni Jumamosi, baada ya alasiri. Sisi tutakwenda, na miche tumekwisha kuagiza Mombasa.