Waya mmoja tu, nusura niuze gari la mzee!

Jamani, tusiwe na haraka ya kuuza vya wazazi! Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 ndiyo gari pekee alilotuachia marehemu baba. Ghafla ikakosa sailensi: nikitoa mguu kwenye mafuta, inazima. Kwenye mataa ya Magomeni ikanigomea, daladala nyuma zinapiga honi, mama kajifunika khanga usoni kwa aibu.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na platini. Wapi! Wa pili akasema, "Injini hizi za kupozwa na upepo zikichoka ndiyo basi, braza." Nikatafuta mteja, tukapatana bei.

Mama akasema, "Mwanangu, mwite kwanza yule mzee aliyekuwa akimtengenezea baba yako."

Mzee hakushika hata spana. Alifungua swichi bila kuwasha injini, akachomoa na kurudisha waya wa vali ndogo ya umeme kwenye kabureta. Vali ikipata umeme hulia "tak" na kuruhusu petroli ya sailensi. Hii, kimya! Kichwa cha waya kililegea, kina kutu. Akakisugua, akakibana. "Tak!" Beetle ikaunguruma yenyewe.

Mteja alipokuja na pesa zake, mama ndiye aliyemjibu: "Haliuzwi, baba."