Ziwa Letu, Fedha za Watu

Treni ya Reli ya Kati ilipoondoka Dar es Salaam, nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro. Nilibeba begi moja na barua ya kukubaliwa katika Mradi wa Nyanza, mafunzo ya utafiti kwa wanafunzi yaliyoanza Kigoma mwaka 1998 yakiongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona. Mfadhili mkubwa alikuwa serikali ya Marekani, kupitia NSF, shirika lake la kugharimia sayansi lililoundwa mwaka 1950.

Njia ni ya kilomita zipatazo 1,250. Saranda, treni ilipopiga breki, abiria walimiminika kwenda kununua kuku na wali. Tabora, mabehewa ya Mwanza yalikatwa yakaenda zao, na sisi tukabaki kununua asali kupitia dirishani. Hapo ndipo mama mmoja wa Ujiji, tuliyekuwa tumekaa naye benchi moja, aliponiuliza ninakwenda kufanya nini Kigoma. Nilimweleza kwamba tunakwenda kupima maji ya Ziwa Tanganyika, sisi na wanafunzi wa Kimarekani.

"Mwanangu," alisema, "siku hizi dagaa ni wa kuwatafuta kwa tochi. Hayo maji mkishayapima, mtatuambia wamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tulipita Uvinza, mji wa chumvi, kisha reli ikaishia Kigoma, hatua chache kutoka bandarini.

Kambini nilikuta vijana wa Marekani pamoja na wenzetu wa nchi zinazolizunguka ziwa: Burundi, Kongo na Zambia. Wengi wetu wa huku tulielewana kwa Kiswahili, na Wamarekani wakalazimika kujifunza salamu upesi. Tuligawanywa kwa kazi. Wengine walizamia miambani kuhesabu konokono na samaki wa aina ambazo hazipatikani kwingine duniani. Wengine walididimiza mabomba chini ya ziwa ili kutoa tope lililojipanga tabaka kwa tabaka, maana tabaka hizo zinahifadhi kumbukumbu ya mvua na ukame wa kale.

Mimi nilipangiwa maji. Tulitoka alfajiri, wavuvi wa dagaa wakirudi na karabai zao zimezimwa. Nahodha alizima injini mbali na ufuko, nasi tukateremsha chupa ya sampuli kwa kamba, mita baada ya mita, hadi karibu mita 200. Tulipoivuta na kuifungulia, maji yalikuwa meupe kama ya juu, lakini yalinuka yai viza. Mwanafunzi mmoja kutoka Arizona aliruka nyuma, nahodha akacheka mpaka akakaa chini.

Harufu ile ndiyo iliyonifundisha ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni huishia katika mita mia moja au mia mbili za juu. Chini ya hapo samaki hawaishi, ila virutubisho vimejaa. Upepo wa kusi wa kiangazi ndio unaolisukuma ziwa na kuvipandisha virutubisho hivyo. Navyo hulisha mimea midogo ya majini, mimea ikalisha wadudu wa maji, wadudu wakalisha dagaa. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi wala hayachanganyiki nayo kwa urahisi. Chakula kinabaki chini.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu jambo hilo hilo. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea ya ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Lile ndilo jibu la yule mama wa Ujiji, na lilitokana na vipimo vya maji vya miaka mingi pamoja na tope la chini ya ziwa, kama lile walilolitoa wenzetu.

Jambo moja kuhusu fedha za kazi hii nililielewa kule kule kambini. Kwa masharti ya mpango ule wa NSF, posho ya mwanafunzi hulipwa kwa raia wa Marekani au mkazi wake wa kudumu tu. Sisi wa huku ilibidi tutafutiwe fedha kwenye mifuko mingine. Siwalaumu: ni kodi ya wananchi wao, na boti tulipanda wote. Lakini ina maana kwamba siku Washington ikibadili vipaumbele, kijana wa Arizona atatafuta ziwa jingine, na wa Kigoma atabaki na ziwa lake bila chupa ya kulipimia.

Tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, viongozi wa Afrika wamekuwa wakiahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi. Nchi nyingi bado hazijafika huko. Tanzania ina COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1986, na vyuo vipo. Kinachotakiwa ni fungu la kila mwaka, hata dogo, la kuwapeleka wanafunzi wa nchi nne za ziwa hili kulipima pamoja. Wageni tuwakaribishe, lakini nauli ya kijana wetu tuilipe wenyewe.