Maganda ya Risasi na Mjukuu Wangu

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kwa chaki. Nimesomesha sayansi katika skuli za sekondari za Unguja zaidi ya miaka 30, hata nilipostaafu mwaka 2019 nikaja Ohio, Marekani, kukaa na binti yangu na mumewe. Leo nataka kukuelezeni kazi ambayo sikuisoma chuoni wala skuli, nayo ni kusafisha maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa.

Jirani yetu, mzee wa umri wangu, ni mwindaji wa kulungu. Yeye na wenzake hawatupi ganda. Risasi moja ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa chenyewe kinachotoka. Ukipiga, vitatu huondoka au huharibika. Ganda hubaki, nalo aghalabu ndilo lenye thamani kuliko vyote. Likisafishwa na kurudishwa kipimo chake kwa kalibu, hujazwa tena mara kadhaa, mpaka shingo yake ipasuke.

Jirani aliponiona nimekaa bure alinikaribisha: "Mwalimu, njoo tusugue." Nikacheka moyoni. Utotoni, kila ilipokaribia Idi, bibi yangu alitukalisha uani na sinia, chetezo na dele la kahawa, tukasugua kwa ukwaju na jivu mpaka tuone nyuso zetu. Ohio nikakuta maarifa yale yale: maji ya moto, tone la sabuni ya vyombo na kijiko cha ndimu ya unga, dakika kama 10, kisha kusuuza na kukausha. Ukizidisha muda, asidi hula zinki na ganda huwa jekundu, maana katika sehemu 100 za ganda, 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki.

Siku moja nikaleta dawa ya chupa ya kung'arishia shaba. Jirani akanizuia, kwani ilikuwa na amonia. Akanipa kisa cha jeshi la Waingereza kule Bara Hindi, lililoweka risasi katika mazizi ya farasi wakati wa mvua, maganda yakapasuka yenyewe. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kuwa sababu ni amonia itokayo katika mkojo wa farasi, ikikutana na mkazo uliobaki ndani ya shaba. Nami, mwalimu wa sayansi, nikakaa kimya kama mwanafunzi.

Laiti ningejifunza zaidi siku ile. Maganda yakiwa mengi, jirani hutumia pipa dogo la umeme lililojaa maganda ya jozi yaliyosagwa. Hutikisika saa kadhaa, kisha vyote huchekechwa, na vumbi hupaa. Nikaipenda kazi ile, nikaazima pipa na kuliweka katika chumba cha chini ya nyumba yetu. Mjukuu wangu, mwenye miaka miwili, alikuja kukaa mapajani mwangu, nami nimevaa nguo zile zile. "Babu, dhahabu!" alisema, akiyashika maganda kwa mikono miwili.

Alipopimwa damu, ilionekana ina madini ya risasi. Tangu mwaka 2021, kiwango cha kutazamiwa hapa Marekani ni maikrogramu 3.5 katika desilita moja ya damu. Yeye alikuwa na 9. Daktari akauliza kwanza kuhusu rangi ya kuta, maana nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 hutiliwa shaka. Yetu ni mpya. Kisha akauliza kama yupo nyumbani mtu anayeshughulika na bunduki. Binti yangu akanitazama, asiseme neno. Tulipofika garini ndipo aliposema, "Baba, mikono yako."

Fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini hayo. Zikilipuka huacha masizi ndani ya ganda, na masizi hayo ndiyo yaliyokuwa katika vumbi langu. Lugha yetu ilikwisha kunionya: madini ni risasi, na cha kuulia ni risasi, neno moja. Miaka yote nimeliandika ubaoni, nisilisikie. Na risasi hiyo ikimwingia mtoto hudhuru akili yake, yaani kile kile nilichokitumikia umri wangu wote. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nimeyaona kwa macho.

Pipa likarudi kwa mwenyewe. Chumba tukakipiga deki kwa maji na sabuni, bila kufagia. Baada ya miezi minane damu ilishuka hadi 4, na daktari bado anamtazama.

Kazi sikuiacha, nimeacha njia ile. Sasa nasugua kwa jirani tu, kwa maji, katika chombo chenye kifuniko. Vyombo vya jikoni haviguswi. Nikimaliza huosha mikono kwa sabuni na kuvua nguo zile kabla sijaingia ndani. Nawaomba vijana wetu wanaokwenda kupiga shabaha wafanye vivyo hivyo, na mtoto akiwakimbilia, wamwambie angoje.

Wangu amekwisha kuzoea. Husimama mlangoni, akauliza, "Babu, umenawa?"