Mafuta ya Kongwa

Jumatano, 5 Machi 2025
Leo Majivu. Mama watoto kaamua nyama isiingie jikoni mpaka Pasaka, kanunua nyama ya soya soko la Majengo. Vipande vikavu, vyepesi, ukivitikisa mfukoni vinalia. Kaviloweka kwenye maji ya moto, kavikamua mara mbili maana maji ya kwanza yana povu na harufu ya maharage mabichi, kisha kavikaanga na kitunguu, nyanya na bizari. Rangi imekubali, mchuzi mzito. Nimekula nikashiba, ila ulimi ulikuwa unatafuta kitu. Siyo chumvi. Mafuta.

Jumamosi, 8 Machi
Mnadani Msalato na shemeji, pamoja na kijana wetu anayesoma Sokoine. Shemeji kaagiza mbavu za mbuzi, na kabla hazijaiva kijana kaanza: "Mjomba, siku hizi nyama inaoteshwa maabara." Zinachukuliwa seli hai za msuli wa ng'ombe, zinatiwa kwenye mtungi wenye joto la mwili na kulishwa mpaka ziongezeke. Baga ya kwanza, kazi ya Mark Post wa Maastricht, ilikaangwa London Agosti 2013 na iligharimu takriban euro 250,000. Singapore iliruhusu kuku wa namna hiyo auzwe mwaka 2020. Italia ilipiga marufuku 2023.
Shemeji alimaliza ubavu kwanza. "Sawa, mjomba. Hizo seli zinakula nini?"
Hapo kijana akapunguza mwendo. Sukari, chumvichumvi, na kwa miaka mingi majimaji ya damu ya ndama aliye bado tumboni mwa mama yake, ingawa kampuni zimekuwa zikitafuta njia ya kuyaacha.
"Kumbe bado mnachinja," akasema shemeji, akamwita mwenye pilipili.
Kumbe hata walioonja ile baga ya London walilalamikia ninacholalamikia mimi: haina mafuta.

Jumapili, 16 Machi
Ubatizo Kongwa. Baada ya chakula shemeji katupitisha karibu na ranchi ya NARCO, ng'ombe wametawanyika mpaka macho yanachoka.
Ardhi hii ilifyekwa kwa ajili ya mimea. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, kampuni ya Unilever, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika. Vita vimekwisha, Waingereza wanapimiwa siagi kwa mgawo, na karanga zingewapa majarini. (Majarini yenyewe, Mfaransa Mège-Mouriès aliibuni 1869 kwa shahamu ya ng'ombe! Mimea ilikuja kumpokonya ng'ombe kazi baadaye.) Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, reli ikachepushwa kutoka Msagali, matrekta yakaletwa kupambana na vichaka na mibuyu. Kiangazi udongo ukakaza, majembe yakagoma kuingia, mchanga ukala vyuma. Mvua nayo ikafanya ya Ugogoni. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda. Mahali palipokusudiwa kuwapa Wazungu mafuta yasiyo ya ng'ombe pakafugiwa ng'ombe.
Na karanga hazikatai Kongwa. Kina bibi wanazilima kwa jembe la mkono, kishamba kidogo pembeni mwa mtama, zinaishia kwenye mlenda. Kilichokataa ni kulima nchi nzima kwa ramani iliyochorwa ofisini.
Sina ugomvi na soya, inastawi vizuri Ruvuma. Lakini anayetaka kutuambia huku kwamba ng'ombe ni hasara, aanze na hizi nyasi. Mvua za msimu mmoja zinaotesha nyasi hata mwaka ambao mahindi yameungua, na mimi nyasi sili. Wanaolisha ng'ombe nafaka hukohuko Ulaya na Marekani wana hesabu yao, na huenda mtungi wa maabara unawafaa.

Ijumaa, 21 Machi
Soya tena, safari hii na karanga za kutwanga tulizopewa kwenye ubatizo. Afadhali mno. Kijana kapiga simu, anasema baga nyingi za mimea za Marekani hutiwa mafuta ya nazi kwa sababu hiyohiyo. Shemeji kapitia jioni, kala sahani nzima bila kusema neno, kisha kaniuliza kesho tunaondoka saa ngapi kwenda Msalato.