Bakuli la Fundi

Nilipopandishwa cheo kazini mwaka jana, nilimwambia baba achague mahali tukale, nitalipa mimi. Nilitegemea aseme kuku wa kuchoma, au pilau. Akasema, "Nipeleke kwa Wachina."

Mimi naishi Kibaha, yeye yuko Kisarawe. Jumamosi nikamfuata na gari la kuazima, tukashuka Pugu, tukapita Gongo la Mboto, hadi Masaki. Alivaa kanzu yake ya Idi. Mgahawa wenyewe nilikuwa nimeupigia simu siku mbili kabla, kuuliza kama wanapika nguruwe. Hawapiki.

Ndani kulikuwa na taa nyekundu na meza ya duara yenye kioo kinachozunguka. Bei za kwenye menyu, nisiseme uongo, zilinitoa jasho: samaki mmoja kwa bei ya mfuko wa mchele. Baba hakuuliza bei. Alikizungusha kile kioo taratibu kwa kidole kimoja, akatazama huku na huku, akasema, "Hawa si Wachina wangu."

Kwa sisi wa rika langu, Mchina ni mkandarasi, ni simu, ni duka la Kariakoo. Pale Kibaha ni Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa 2022. Wachina wa baba ni wa TAZARA. Ujenzi ulipoanza 1970 alikuwa na miaka 18, kibarua upande wa Mzenga. Reli ilikwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ila yeye alifanya miezi michache tu, akarudi shambani. Wachina wake walivaa nguo zenye viraka, walikunywa maji ya moto juani, walilima mboga kando ya kambi na kufuga nguruwe.

"Kulikuwa na mmoja," akasema, huku mhudumu akitumiminia chai isiyo na sukari. "Jina lake sikulijua, tulimwita Fundi. Ndiye aliyenionyesha namna ya kushika sururu nisiumie mgongo. Siku moja akanipa bakuli lake: wali, na kabichi juu yake. Mimi nikawaza mafuta ya nguruwe. Nikashika tumbo, nikanyoosha kidole juu. Yaani nimefunga."

"Ilikuwa Ramadhani?"

"Hata. Na kesho yake akanikuta natafuna muhogo mchana kweupe."

Fundi hakusema kitu. Wiki mbili baadaye hakuonekana tena kazini, na baba hakumuuliza mtu.

Niliagiza samaki wa mvuke na bata. Baba alionja, akasifu kwa adabu, akasukuma sahani. Halafu akamwita mhudumu, "Mwanangu, mna kabichi?" Ilikuwepo, imekaangwa na vitunguu saumu. Akaiweka juu ya wali mweupe, akaacha kijiko, akachukua vijiti. Hakuviweza. Punje zilidondoka kwenye kanzu, mhudumu akaja kumsaidia, akamkatalia kwa mkono. Nilikuwa nimeshatoa simu nipige picha, nikairudisha mfukoni. Lilimchukua karibu nusu saa, lakini lile bakuli alilimaliza.

Wakati wa kurudi, tulipofika Gongo la Mboto akaniambia nikate kwenda Majohe, yalipo makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa ujenzi wa reli. Miaka yote amepita barabara ile na hajawahi kukunja kona. Nikasimamisha gari nje. Hakushuka.

"Labda alirudi kwao tu, baba," nikasema.

"Labda."

Mapajani alishika boksi la chakula kilichobaki, bado la moto. Alitazama pale kwa muda, kisha akafunga kioo cha dirisha.

"Haya twende. Mama yako hajala."